Injini Mpya ya Kompyuta ya Kigango

Kompyuta ya kigango cha Mogitu haikuwa mbovu. Ilikuwa inachelewa tu, na kuchelewa si dhambi. Hata padre wa parokia, zamu yake ya kuja kusoma misa kigangoni ikifika, huchelewa, na hakuna mtu aliyewahi kumfungua kifuniko aone ndani kuna nini.

Gaudensia, katibu wa kigango, alishaijua tabia ya mashine ile akaizoea kama mtu anavyozoea mkwe. Akifika ofisini asubuhi anaiwasha, halafu anafagia, anamwagilia maua ya mbele ya sanamu ya Bikira Maria, anasimama mlangoni kusalimiana na wanaopita kwenda shambani. Akirudi mezani anaikuta ndiyo kwanza inamkaribisha. Akitaka kufungua faili la nyimbo za kwaya, anaandaa chai. Hivyo ndivyo walivyoishi, yeye na kompyuta yake, na hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Aliyeona kwamba hali hiyo haivumiliki ni Mzee Patriki Qamara.

Ujana wake wote Mzee Patriki aliumalizia kwenye mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, akiwa fundi wa matrekta na mashine za kuvunia. Kazi ilipoisha alirudi Mogitu kwenye mahindi yake, mbaazi zake na ng'ombe wake, ila mikono yake ilikataa kustaafu. Alitengeneza pampu ya jirani, akatengeneza kinanda cha kwaya, akatengeneza jiko la mke wake Marieta ambalo halikuwa limeharibika. Mara nyingi kitu alichokifungua kilirudi kikafanya kazi. Mara nyingi pia kulibaki bolti moja au mbili juu ya meza, naye alizitia mfukoni akisema hizo ni spea. Pale kigangoni alikuwa kamati ya matengenezo. Si mjumbe wa kamati. Kamati yenyewe, maana wenzake mmoja alihamia Kiteto na mwingine Mungu alimpumzisha.

Jumapili moja baada ya ibada alipitia ofisini, akamkuta Gaudensia ameegemeza shavu kwenye kiganja, anaitazama skrini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ana shida gani?"

"Hana shida. Anawaza."

"Anawaza nini muda wote huo? Hata mimi nikiulizwa umri wangu najibu haraka kuliko hivi."

Mzee Patriki aliinama, akaweka sikio ubavuni mwa ile kompyuta. Alisikia feni inazunguka. Alisikia pia mkwaruzo ndani kabisa, krr, krr, kama panya anayekula gunzi. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Injini imechoka," alisema.

Kwake yeye, chombo chochote kikishindwa mlima, ni injini. Aliuliza huku na huku, akaambiwa injini ya kompyuta inaitwa prosesa, ni kidude cha bapa kinachotosha katikati ya kiganja, na kwamba ile ya kigango ilikuwa na viini viwili wakati siku hizi zipo za viini vinne. Mzee Patriki akasikia silinda mbili na silinda nne. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Ni nani mwenye akili timamu angemwacha mtumishi wa Mungu avute plau kwa silinda mbili?

Tekla, mtoto wa dada yake, alikuwa na kibanda cha vipuri vya simu Arusha. Mzee alimpigia, akamtumia picha ya kompyuta mbele, nyuma na ubavuni, na Tekla akahangaika kwa wenzake mpaka akapata prosesa ya viini vinne ambayo miguu yake inalingana na kiti chake kwenye mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani ya kompyuta. Ikasafiri kwa basi ndani ya kopo la siagi, imefungwa kwenye pamba kama yai la bata.

Tatizo lilikuwa moja: askofu alikuwa anakuja. Kipaimara kilikuwa kimekaribia, na majina ya vijana, nyimbo za siku hiyo na ratiba nzima vilikuwa ndani ya kompyuta, vinasubiri kuchapwa.

"Mzee," Gaudensia alisema kwa sauti ya mtu anayejua hatasikilizwa, "si tungesubiri askofu apite kwanza?"

"Askofu anakuja, ndiyo maana tunafanya sasa. Utampokea mgeni na nyumba inayovuja?"

"Na majina ya watoto?"

"Majina yako kwenye diski, hayako kwenye prosesa. Mimi nagusa injini, sigusi mzigo."

Katika hilo alisema kweli, na baadaye alikuja kujilaumu kwamba ukweli ule aliushika mkononi akaupita.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, lazima isemwe. Alinawa mikono. Alichomoa waya wa umeme. Alifungua feni, akapangusa ile dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ya zamani, akanyanyua kijishikio, akaitoa ya zamani na kuilaza kwenye kopo la siagi. Mpya akaikalisha mahali pake, na ikakaa kimya na sawasawa, kama mtu aliyezaliwa hapo. Akapaka dawa mpya kidogo, akarudisha feni, akawasha.

Feni ikazunguka. Taa ndogo ya mbele ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Wakasubiri. Kwa kuwa walikuwa wamezoea kuisubiri, walisubiri sana kabla ya kuanza kuogopa.

"Pengine anawaza," alisema Gaudensia.

"Anawaza nini na silinda nne?"

Siku zilizofuata Mzee Patriki alishinda ofisini kuliko katibu mwenyewe. Alichomoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, maana aliambiwa hilo hutibu mengi. Giza. Alitoa ile betri ndogo ya saa, akaiacha nje wakati anakula, akairudisha. Giza. Alikagua waya mfupi unaopeleka umeme kwenye prosesa peke yake, akaukuta umekaza. Alivaa miwani yake na miwani ya Marieta juu yake, akachungulia vile vijisindano vya kwenye kiti kimoja kimoja asikione kilichopinda. Giza totoro. Mwisho, kwa shingo upande, akairudisha prosesa ya zamani. Kompyuta ikawaka, ikachelewa vilevile kama kawaida yake, na Gaudensia akakaribia kulia kwa furaha ya kuona kuchelewa kule.

Mzee akaweka mpya tena. Giza. Akaweka ya zamani. Mwanga.

"Basi," alisema. "Nimeuziwa maiti."

Alimpigia Tekla palepale, na maneno aliyomwambia yalimfikia Marieta huko nje, akaja akasimama mlangoni mikono kiunoni. Mzee alisema mji umemharibu Tekla. Alisema mtu anayemtumia mjomba wake maiti ndani ya kopo la siagi hawezi kushindwa kumuuza mama yake. Tekla alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa utulivu, "Nirudishie, mjomba," akakata simu.

Prosesa ikapanda basi kurudi Arusha. Kabla wiki haijaisha Tekla akatuma video kwa wasap. Haikuwa na salamu. Ilionyesha prosesa ileile, yenye alama ya kucha ya Mzee Patriki pembeni, ikikalishwa kwenye kompyuta nyingine ya mezani. Skrini ikawaka, jina la prosesa likaandikwa juu, na kidole cha Tekla kikaelekeza kwenye jina hilo kikatulia hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mzee Patriki aliitazama video mara kadhaa. Halafu alimpa Marieta simu aitazame.

"Maiti kafufuka," alisema Marieta. "Na wewe umemtukana binti wa dada yako."

Ndipo alipokwenda Katesh kumwona Emanuel, fundi wa kompyuta na redio karibu na soko. Alikuwa amemkwepa tangu mwanzo, kwa sababu Emanuel alikuwa na tabia ya kuuliza maswali kabla ya kushika bisibisi. Safari hii aliuliza moja tu.

"Mzee, hiyo mazabodi na hiyo prosesa, ipi ilitengenezwa kwanza?"

"Mazabodi. Prosesa ni ya juzijuzi kidogo."

"Basi mazabodi haimjui. Kuna programu ndogo humo ndani, tunaiita bayosi. Ndiyo inayoamka kwanza na kutambua nani yumo nyumbani. Yako iliandikwa kabla huyo mgeni hajazaliwa. Miguu inaingia, lakini jina halimo. Inabidi uifundishe kwa bayosi mpya."

"Niifundishe vipi na haiwaki?"

"Irudishie ya zamani. Iwake. Uifundishe. Halafu ndiyo umtoe mzee, umlete kijana."

Mzee Patriki alimfikiria huyo mzee anayewekwa tena kwenye kiti chake ili afungue mlango kwa atakayemtoa, akaona hata mashine zina utaratibu wa ajabu. Emanuel akampa flashi yenye bayosi mpya na onyo moja: wakati inajifunza, umeme usikatike. Ukikatika katikati, hiyo mazabodi utaiwekea maua.

Hapo Mogitu, kuambiwa umeme usikatike ni kama kuambiwa upepo wa mlima Hanang usivume. Na si kukatika tu. Ng'ambo ya uwanja wa kigango kulikuwa na mashine ya kusaga ya Hermani. Kila akiiwasha, taa za ofisini zilisinzia. Tekla alikwisha kurudisha prosesa kwa basi, bila salamu vilevile. Asubuhi iliyochaguliwa Mzee Patriki akavuka uwanja.

"Hermani, nakuomba uzime mashine kwa muda."

Hermani alikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Nyuma yake akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao za mahindi. "Nizime kwa nini?"

"Kompyuta ya kanisa inafundishwa."

"Inafundishwa nini?"

Mzee Patriki alitafuta neno. "Inafundishwa kumtambua mgeni."

Hermani akadhani ni askofu. Akazima. Habari ikapita kwenye foleni ya ndoo, na kila ilipopita ikaongezeka uzito, hata akina mama wakavuka uwanja kuja kuona kompyuta inavyofundishwa jina la askofu. Walijaa mlangoni, wengine dirishani. Kwenye skrini kulikuwa na mstari mmoja mwembamba unaosogea kama konokono. Mama mmoja akaanza "Salamu Maria" kwa sauti ndogo, na wenzake wakaipokea. Mzee Patriki, ambaye maishani hakuwahi kuombea injini hata moja, alijikuta anaitikia.

Taa ikasinzia mara moja. Gaudensia akashika rozari shingoni. Taa ikarudi. Mstari ukafika mwisho, kompyuta ikajizima, ikajiwasha.

Mzee alitoa ya zamani, akaweka mpya, akawasha. Skrini ikawaka, na juu yake, kwa herufi nyeupe, likasomeka jina la prosesa mpya. Akina mama wakapiga vigelegele. Hermani, aliyekuja kuuliza kama sasa anaweza kusaga, alipiga makofi bila kujua anapigia nini.

Kisha kompyuta ikaanza kufunguka.

Ikafunguka. Ikaendelea kufunguka. Krr, krr, ndani kabisa. Vigelegele vilipungua kwa kukosa pumzi. Akina mama wakaanza kukumbuka ndoo zao, mmoja mmoja. Walipobaki wawili, Gaudensia akatazama ufagio kwa mazoea, akatazama pembeni haraka.

"Imekuwa nyepesi," alisema Mzee Patriki.

"Nyepesi sana, mzee," alisema Gaudensia.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kigango alisimama mbele ya waumini, akamshukuru Mzee Patriki kwa kulipatia kanisa mashine inayoruka kama mshale. Waumini wakapiga kwa pamoja makofi matatu mazito, yale ya kilo. Mzee aliinuka nusu, akainama, akaketi. Marieta, aliyekuwa upande wa akina mama, alimtazama kwa namna ambayo wanandoa wa muda mrefu hutazamana pasipo haja ya maneno.

Mzee alivumilia mpaka Jumanne. Jumanne alikwenda ofisini, akaufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Gaudensia, mwanangu. Niambie kama unavyomwambia padre. Kuna tofauti?"

Gaudensia alichezea mausi. "Mzee, ikishafunguka, ukiiambia ihesabu kitu inahesabu upesi. Kufunguka ndiko..." Akautazama ufagio. "Leo nimefagia mara mbili."

Mzee Patriki akacheka. Hakutarajia kucheka, kicheko kilimtoka tu, akacheka mpaka akavua miwani. Gaudensia, aliyekuwa amekibana kicheko tangu siku ya vigelegele, naye akaachia.

Walimpigia Emanuel pamoja, simu imewekwa sauti ya nje. Emanuel alitaka kusikia huo mkwaruzo, wakamsogezea simu ubavuni mwa kompyuta.

"Ah," alisema. "Hiyo ni diski, mzee. Ni ya kizamani, inazunguka kama santuri, na imechoka. Kila kitu kinatoka humo. Umebadilisha injini, kumbe kilichoziba ni chujio la dizeli."

Ingekuwa ametukanwa na mtu mwingine, kwa tusi lingine, Mzee Patriki angejibu. Lakini hili lilimpata mahali penyewe. Ni vijana wangapi aliwafokea kule kwenye ngano kwa kukimbilia kufungua injini kabla ya kutazama chujio! Alikumbuka mpaka sura zao.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ulikuja kuniuliza kwa nini haiwaki, mzee. Hukuniuliza kwa nini inachelewa."

Diski za kisasa, zisizo na kitu kinachozunguka, zilipatikana Arusha, na Arusha kulikuwa na Tekla. Kumpigia Tekla kulikuwa kugumu kuliko bayosi. Marieta alipima debe la maharage mapya, akashona mdomo wa gunia kwa mkono wake mwenyewe, akaliweka miguuni pa mume wake. "Tanguliza hili," alisema. "Maneno utapata njiani." Maharage yalitangulia. Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Shikamoo, mjomba. Maharage yamefika."

"Marahaba. Tekla, yale niliyosema..."

"Mjomba, ulisema ningemuuza mama."

"Nilisema."

"Nilimwambia mama. Amesema bei ikiwa nzuri asiulizwe, auzwe tu." Akacheka, na mjomba wake akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishika kwa muda mrefu. "Unataka nini safari hii?"

Diski ilipofika, Emanuel alihamishia humo kila kilichokuwa kwenye ile ya zamani, majina ya vijana wa kipaimara yakiwemo. Mzee Patriki aliifunga mwenyewe siku ya kazi, mchana, kigangoni pasipo na mtu ila katibu. Ilikuwa kazi ya waya mbili na skrubu chache. Gaudensia akabonyeza, akageuka kuchukua ufagio, na alipougusa tu kompyuta ikamkaribisha. Aliuacha ufagio ukaanguka.

Kipaimara kilipita vizuri. Vitabu vya nyimbo vilichapwa mapema, na askofu alivisifu kwa usafi wake. Waumini waliopita ofisini walijionea wenyewe mashine ilivyo kali, wakathibitishiana: si mnaona? Prosesa ile ilikuwa haijazoea baridi ya huku. Ilihitaji muda tu. Mzee Patriki alijaribu kumweleza mwenyekiti habari ya diski. Mwenyekiti alimshika bega, akamwambia unyenyekevu ni pambo la wazee.

Haukupita muda, kigango kimoja cha upande wa Gitting kikatuma ujumbe. Kompyuta yao nayo ilikuwa mzee wa kuchelewa. Mzee Patriki akapanda huko, amebeba bisibisi na, safari hii, maswali. Kamati nzima ilikuwa imekaa inamsubiri. Katibu wao, mama mmoja mkimya aitwaye Hilaria, aliwasha kompyuta, kisha kwa mazoea akatoka kwenda kutandika vitambaa vya altare.

Mzee akainama, akatega sikio. Krr, krr.

"Ndugu zangu," alisema, "kabla ya yote, tutazame diski."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti wao akakohoa kwa adabu. "Mzee Patriki, sisi ni watu wadogo, lakini si vipofu. Mogitu ulifunga prosesa. Tumesikia. Akina mama walioiombea wametueleza wenyewe."

"Niliifunga, ndiyo. Lakini kilichosaidia..."

"Basi na sisi tunaomba kama Mogitu." Akafungua kabati, akatoa kopo la siagi. Ndani, kwenye pamba, ilikuwa imelala prosesa mpya ya viini vinne. "Tumeshaagiza. Tusiwe nyuma ya wenzetu."

Mzee Patriki aliitazama prosesa, akawatazama wazee wenzake waliochanga, nyuso zao zimejaa matumaini kama watoto wa komunyo ya kwanza. Aliuliza mazabodi ilitengenezwa kabla ya prosesa au baada. Aliuliza kama jirani kuna mashine ya kusaga. Kisha akavua koti, akanawa mikono, akaanza.

Ilipowaka na jina jipya likasomeka, wakapiga makofi. Hilaria alirudi kutoka altareni, akaisubiri ifunguke, akatazama saa ya ukutani, akamtazama Mzee Patriki. Yeye aliinamia kikombe chake cha chai.

Wiki iliyofuata Mzee alipanda tena Gitting, peke yake, bila kuitwa. Alimwambia Hilaria amekuja kuangalia tu kama feni inazunguka vizuri, na akamwomba amtafutie maji ya kunywa, ya kisimani, si yale ya mtungi. Hilaria akachukua jagi. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Nichelewe kiasi gani, mzee?"

Mzee Patriki alikuwa ameshatoa mfukoni kifurushi kutoka kwa Tekla, chenye diski mpya. Akakitazama, akamtazama.

"Kiasi cha skrubu nne," alisema.